Mwaka Tuliokunywa Maji ya Hangarini

Mwezi uliopita Mama Nyota alikuja kwangu Kabezi bila kunijulisha. Aliteremka kwenye basi dogo litokalo Rumonge, akamuuliza njia muuza ndizi, na nikiwa nje naanua nguo nikamkuta amesimama uani, kikapu mkononi, anahema na kucheka kwa pamoja. Ilikuwa miaka mingi tangu tuachane. Amenenepa, meno mawili matatu ya mbele hayapo, goti moja halimtii tena, lakini kicheko chake hakijapungua hata kidogo. Tulikumbatiana palepale mpaka nguo nilizozianua zikaanguka vumbini. Watoto wa nyumbani wakasogea kutazama, maana hawajazoea kuniona nikilia na kucheka kwa wakati mmoja. Mgeni hakungoja hata kupewa kiti. Alininyooshea kidole, akawaambia, "Munamuona huyu mama yenu, muganga mukubwa na miwani yake? Huyu njo alitupangishaka mustari ya choo!"

Watoto walitaka habari yote, nasi tukawapa, tukikatizana kila baada ya sentensi. Alikaa siku chache, tukala, tukalala mchana kama wazee tulivyo, kisha akarudi kwao ng'ambo ya ziwa. Tangu aondoke najikuta nikisimama jikoni na mwiko mkononi, sufuria inaungua, akili iko Rumonge, katika mwaka ule mmoja ambao sikuupanga na ambao ulinifanya niwe nilivyo. Afadhali niuandike, nipate kupika kwa utulivu.

Nilikuwa nimemaliza sekondari na sikujua nifanye nini na maisha yangu. Habari za kwetu naziacha, zinafanana na za wasichana wengi. Itoshe kusema kwamba kule Kivu ya Kusini, ng'ambo ya ziwa, mapigano yalikuwa yamewaka upya, watu wakawa wanavuka ziwa kwa boti za mbao, na timu ya afya iliyowapokea Rumonge ilikuwa ikitafuta mtu anayesema Kirundi, Kifaransa na Kiswahili. Mimi nilivisema vyote vitatu, tena kwa sauti kubwa. Nikachukuliwa kuwa mkalimani.

Nilipanga chumba kwa Mama Sauda, mjane wa mtaa wa Waswahili, aliyekuwa akitengeneza sabuni ya mawese nyuma ya nyumba. Chumba changu kilikuwa na kitanda, msumari wa kutundikia nguo, na dirisha dogo lililoangalia moja kwa moja kwenye pipa lake la kupikia. Asubuhi niliamshwa na harufu ya mafuta na majivu, na sauti yake akiikemea sabuni kama anavyokemewa mtoto mkaidi: "Shikamana basi! Unangojea nini?" Chakula cha jioni tulikula pamoja barazani, sombe ya majani ya muhogo iliyotiwa mawese mpaka ikang'aa, bugali wa muhogo, na siku za neema kipande cha samaki wa mukeke. Alikula polepole na kuuliza maswali mengi. Nilimweleza yote niliyoyaona kazini, na naamini kesho yake sokoni aliyasimulia upya, yakiwa matamu zaidi.

Wakimbizi walipokelewa kwenye hangari kubwa karibu na ufuo, lililokuwa zamani ghala la mawese. Lilikuwa limeoshwa, lakini mafuta ya miaka mingi hayaondoki kwa siku moja. Sakafu ilikuwa nyekundu na yenye kuteleza, na jua likipiga mabati harufu ilishuka kutoka juu kama mvuke wa sufuria. Ndani, turubai zilitundikwa kwa kamba kugawa sehemu za familia. Nje kulikuwa na hema letu la afya, vyoo vilivyokuwa bado vinachimbwa, na tangi la maji la mpira lililolala chini kama godoro la jitu, na robine zake, bomba za kuchotea, zimepangwa mbele. Ungeingia mle asubuhi ungesikia vyote kwa pamoja: vitoto vinakohoa, mtu anasali, mtu anasuka nywele za mwenzake, na kicheko cha Mama Nyota kikitoka nyuma ya turubai la mwisho. Alikuwa amevuka na mwanawe mmoja, Nyota, mtoto wa kike ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yanang'oka. Mume alikuwa amebaki nyuma kutafuta jamaa zake. Huko kwao Mama Nyota alikuwa mfanyabiashara wa ndagala na kiongozi wa kwaya ya kanisa, na alikuwa ameileta kwaya karibu yote kwenye boti moja.

Mkuu wa timu alikuwa muuguzi aitwaye Deo, mtu wa milimani kaskazini, mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku za mvua. Sisi tulimwita Misiyo Deo, wakimbizi walimwita Dokteri. Alijua kazi yake vizuri sana. Niliwahi kumwona akipata mshipa wa mtoto aliyekauka kama jani, kwa mara ya kwanza, huku akimwimbia Kirundi. Lakini ziwa alilichukia. Alisema ni maji mengi mno mahali pamoja. Na ndagala, vile visamaki vidogo ambavyo huku kwetu mtoto huvitafuna kabla hajajua kutembea, hakuweza hata kuviangalia. "Aziza," aliniambia siku moja kwa Kifaransa, akiwa ameipa kisogo sahani yangu, "chakula chenye macho kinaniuliza maswali." Yeye alikula maharage, mchana na jioni, kwenye sahani yake ya bati yenye mfuniko.

Ule mstari wa choo ulitokea wiki yangu ya kwanza. Misiyo Deo alinipa megafoni na kuniambia kwa Kifaransa nitangaze kwamba yeyote anayeharisha, mtu mzima au mtoto, asione haya, aje haraka kwenye hema. Nilisimama mbele ya umati. Mbele kabisa walikuwa wazee wa umri wa babu yangu, wamekaa na kofia zao magotini, wananitazama kwa heshima. Neno la kuhara likagoma kutoka. Nilikuwa nimelelewa kutotamka mambo hayo mbele ya wakubwa, sembuse kwa megafoni. Basi nikalipamba. Nikasema, "Ndugu zangu, kila mwenye kwenda haja mara kwa mara, kubwa na ndogo, wote waje haraka pale kwenye hema." Kwa Kiswahili chetu cha mtaani, kubwa na ndogo nilimaanisha watu. Wao walisikia haja kubwa na haja ndogo, na vyoo, kama nilivyosema, vilikuwa bado vinachimbwa. Kumbe watu walikuwa wamebanwa tangu alfajiri! Kufumba na kufumbua, mstari ulianzia hemani ukazunguka hangari, wanawake wakiwa wamewashika watoto mikono, wazee wakiruhusiwa kutangulia kwa heshima. Misiyo Deo alitoka hemani, akauona, uso ukambadilika rangi. "Wote hawa?" alinong'ona. "Mungu wangu, wote?" Alidhani hangari zima limeshikwa na kipindupindu. Alikwisha anza kuagiza serumu, maji ya kutundika mshipani, kwa simu ya upepo, ndipo mzee wa kwanza alipoingia, akavua kofia na kuuliza kwa upole shimo liko upande gani.

Mama Nyota alikuwa katikati ya mstari. Alipoelewa kilichotokea alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanijia, akanishika bega. "We mutoto, jina lako nani?" "Aziza, mama." "Sikia, Aziza. Ugonjwa haiko na haya, na wewe usikuwe na haya. Sema: tumbo ya kukimbia! Sema, nisikie." Nikasema, kwa sauti ya kuku. "Apana. Sema kama mwenye kuuza ndagala!" Nikapaza sauti, hangari zima likanisikia, na wale wazee wenye kofia wakanipigia makofi. Katika miaka yangu yote ya uuguzi nimewaambia wanafunzi wengi jambo hilo hilo, wavulana kwa wasichana, na kila wanapotamka kwa mara ya kwanza hunijia ule mkono mzito begani.

Lakini kicheko kile kiliishia kwenye robine. Maji ya tangi yalitiwa dawa ya kuua vijidudu, na yalinuka kama nguo zilizolowekwa kwenye javel ya kufulia. Wanawake waliyaonja, wakayatema, wakachukua bidoni zao, madumu ya maji, na kushuka ziwani, palepale ambapo boti zilitia nanga na watu kujisaidia. Misiyo Deo alikasirika. Kila asubuhi alishika megafoni, akaeleza mikrobe kwa Kifaransa, mimi nikageuza kwa Kiswahili, na kila asubuhi watu walisikiliza kwa adabu, wakaitika, wakashuka ziwani. Nilimuuliza Mama Nyota sababu. "Inanuka," alijibu, akageuza mazungumzo.

Nilipata sababu yenyewe mchana mmoja wa mvua. Nilikuwa nimekaa nyuma ya turubai nikimkata Nyota kucha, na upande wa pili wanawake walikuwa wakichambua majani ya lengalenga. Walidhani nimekwenda kula. Mmoja alisema maji yale yana dawa ya kufunga uzazi. Mwingine alisema hapana, ni ya kuwalegeza ili wasirudi kwao tena. Kisha nikaisikia sauti ya Mama Nyota, ya chini, bila kicheko. "Mimi sijue kama iko na dawa gani. Mimi niko na jambo moja tu. Kule kwetu mutu alikuya na megafoni. Alisema mubaki kwenye manyumba yenu, hakuna kitu, muko salama. Tulibaki. Munakumbuka kile tuliona." Nilisikia tu majani yakikatwa mashina. Nyota alinitazama, akaniwekea kidole mdomoni nisiseme, kana kwamba yeye ndiye mkubwa.

Niliondoka pale nikaenda moja kwa moja hemani. Nilimwambia Misiyo Deo yote niliyoyasikia, na nikamaliza kwa kusema, "Tuiache megafoni." Hakupenda. Aliuliza atawafikiaje watu wote wale bila chombo. Alizunguka hema. Alisema yeye si wale watu wa kule, yeye ni muuguzi, amewaletea maji safi, wanataka nini zaidi? Nikamwambia sijui wanataka nini, lakini hicho chombo hawakitaki. Alikaa juu ya sanduku la dawa muda mrefu, mvua ikipiga turubai. Kisha akaichukua megafoni, akaitoa betri, akaziweka kwenye mfuko wa shati na kuifunga ndani ya sanduku. Mpaka leo namheshimu kwa jambo hilo kuliko kwa mishipa yote aliyoipata.

Siku iliyofuata mzee mmoja, wa wale wenye kofia, aliugua. Mambo yalikwenda haraka. Asubuhi alikuwa akicheza igisoro, bao la kwetu, na wenzake, mchana macho yamezama na sauti imekwisha. Tulimpeleka kwenye hema la matibabu lililotengwa, Misiyo Deo akamwekea serumu mikono yote miwili, akapona. Ila habari ilikuwa imekwisha fika mjini. Sokoni, wauzaji walianza kuwatupia wakimbizi bidhaa kutoka mbali kama wanaolisha mbwa mkali. Watu walinikwepa njiani. Mama Sauda alinisimamisha mlangoni, akaniamuru nivue viatu nje, akaniletea beseni na kipande cha sabuni yake, nikaoga nusu mwili uani kabla ya kukanyaga baraza. Nilikuwa na uchungu naye. Sasa nimekuwa na nyumba yangu na watoto wa kuwaogopea, uchungu ule umekwisha. Alikuwa ameniachia nilale kwake. Wengi wasingekubali.

Kesho yake Misiyo Deo alinichukua, tukaingia hangarini mikono mitupu. Wanawake walikuwa wakipika nje ya mlango wa nyuma. Alichuchumaa karibu na jiko la Mama Nyota, suruali yake yenye mkunjo ikigusa majivu, akasema salamu kwa Kirundi, "Amahoro." Akanigeukia nigeuze. Alisema amekuja kuuliza, si kusema. Wafanyiwe nini ili wayanywe maji yale? Mama Nyota aligeuza ndagala kwenye kikaango, akamtazama mtu huyu mrefu aliyejikunja kama kiti cha kukunja, na nikaona kitu kikiamka usoni mwake.

"Aziza, muulize dokteri kama atakula na sisi."

Nikauliza. Misiyo Deo alikiangalia kikaango. "Waambie nashukuru," alisema, "nimekwisha kula." Nikageuza. Wanawake wakaguna. Mama Nyota akaweka mwiko chini.

"Banatuletea maji yenye inanuka, banasema kunywa, ni muzuri, usiogope. Sisi tunamuletea samaki ya ziwa, anaogopa. Sasa muambie hivi. Yeye akule ndagala yetu, sahani moja, mbele ya watu wote. Akimaliza, mimi nitakunywa maji yake, kopo nzima, mbele ya watu wote. Na hawa benzangu batakunywa."

Nilimgeuzia neno kwa neno. Aliniuliza kama hakuna njia nyingine. Nikamwambia hakuna. Alisimama, akajinyoosha shati, akafikiri, kisha akatoa sharti lake: kila atakayekuwepo, yeye wa kwanza, anawe mikono kwa sabuni. Mama Nyota aliona ni haki.

Habari ilizunguka kwa dakika chache. Watu waliacha usingizi, mchezo na sala. Sanduku la dawa lilifanywa meza. Misiyo Deo alinawa mpaka viwiko kama anayeingia kuzalisha, na watu wote wakanawa baada yake, mstari mrefu kuliko ule wa choo. Mama Nyota akaleta sahani. Naamini alichagua ndagala wenye macho makubwa kuliko wote. Misiyo Deo alimega bugali, akachukua ndagala mmoja, akakikata kichwa kwa kucha akitaka kukiweka pembeni. Hangari likapiga kelele: "Na kichwa! Na macho yake!" Akafumba macho yake mwenyewe, akatia mdomoni vyote. Akatafuna. Akameza. Alifumbua jicho moja, kisha la pili, kama mtu anayehakikisha kwamba bado yupo duniani. "Alors, vipi?" nilimuuliza. Akafikiri kwa uaminifu. "Ni chumvi," alisema. "Ni chumvi na kitu fulani." Akachukua wa pili. Kwaya ikaanza kuimba, na kila alipomeza wanawake walipiga vigelegele, mpaka sahani ikabaki na mafuta tu, nayo akayafuta kwa tonge la mwisho.

Ndipo Mama Nyota akaenda kwenye robine. Alijaza kopo, akalinusa, akakunja uso wote, akatutazama, akanywa bila kupumzika mpaka mwisho. Alilipindua kopo juu ya kichwa chake kuonyesha halina kitu. "Inanuka," alitangaza. "Lakini nimekula vitu vibaya kupita hii, na zingine nilipika mimi mwenyewe." Walikunywa wote siku ile. Nyota alikunywa akaniuliza kwa nini maji yana harufu ya mashuka.

Mambo yangeishia hapo ningekuwa na hadithi ya kuchekesha tu. Asubuhi iliyofuata, Nyota aliamka anatapika.

Nilipofika, Mama Nyota alikuwa tayari ndani ya hema la matibabu, mtoto mapajani, midomo ya mtoto imepasuka, ngozi ya tumbo ukiivuta hairudi. Misiyo Deo alikuwa ameinama juu ya mkono wake mdogo akitafuta mshipa, na safari hii hakuwa anaimba. Nilitoka kuchota maji, na nje nikasimama, ndoo mkononi. Wanawake walikuwa mbele ya robine, wanazimwaga bidoni zao. Hawakupiga kelele. Waliziinamisha moja baada ya nyingine, maji yakachimba mifereji myekundu mchangani, na yule aliyesema habari za kufunga uzazi alikuwa akirudia kwa sauti ndogo, "Alikunywa jana. Alikunywa jana, na leo munaona." Nilijaribu kuwaeleza kwamba ugonjwa hukaa tumboni siku moja au zaidi kabla ya kujionyesha. Hawakunitazama hata usoni. Niliingia hemani nikimwaga machozi, nikamwambia Mama Nyota yanayotokea, kisha nikajuta, maana huyo ni mama aliyemshika mtoto wake kati ya uhai na kifo, na mimi namletea habari za bidoni.

Serumu ilikuwa imeanza kuingia. Mama Nyota aliangalia matone yakishuka. Kisha alimlaza Nyota kitandani, akanyoosha mikono na miguu ipulizwe dawa kama ilivyo kanuni ya kutoka mle ndani, na akatembea mpaka robineni, miguu mitupu, kitenge kimelowa. Mimi nilimfuata.

"Munamwaga nini?"

Mmoja aliendelea kuinamisha bidoni yake.

"Nyota hakugonjwa na maji ya dokteri. Musimusingizie mutu. Jana asubuhi, kabla ya ile mambo ya ndagala, mutoto alisikia kiu. Nilimupa maji ya ziwa. Na juzi nilimupa. Mimi, kwa hii mukono yangu. Munasikia? Aziza alisema tumbo ya kukimbia, alisema kila siku, mimi nikamuchekea." Akanyoosha mkono. "Nani iko na kopo?"

Yule mwanamke mwembamba aliyekuwa akinong'ona ndiye aliyempa. Mama Nyota akajaza, akanywa, akarudisha kopo mkononi mwake, akageuka na kurudi hemani bila kungoja aone kitakachofuata. Mimi nilingoja. Yule mwembamba alilitazama kopo. Kisha aliinama, akaweka bidoni yake chini ya robine, akafungua.

Nimefanya kazi na wagonjwa maisha yangu yote ya utu uzima, nimehudhuria mafunzo mengi, nimesikia watu wenye elimu wakieleza jinsi ya kuishawishi jamii. Huwa nasikiliza vizuri na kuitika. Lakini moyoni namwona mwanamke aliyelowa, mtoto wake bado hajapona, anatoka nje kulisema jambo ambalo angeweza kulificha, na hakuna mtu duniani angejua.

Nyota alikunywa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, mimi na mama yake tukipokezana, kutwa nzima na asubuhi yake tena. Kuelekea adhuhuri alifungua macho, akatutazama kama mtu aliyeudhiwa, akasema, "Mama, bugali iko wapi?" Misiyo Deo alikuwa akiandaa sindano kitanda cha pili. Aliiweka chini, akatoka nje, na nilipomfuata nikamkuta amesimama akiliangalia ziwa, lile ziwa asilolipenda, huku akijifuta uso kwa mkono wa shati lake safi. "Ni jasho," aliniambia. Nikamwambia ndiyo, ni joto.

Jioni nilimsimulia Mama Sauda, yote, mpaka mwisho. Hakuuliza swali hata moja, jambo lisilo la kawaida kwake. Kesho yake nilipokuwa nikitoka nilimkuta mlangoni na beseni kubwa kichwani, limejaa vipande vya sabuni vyekundu. "Kama nakunawisha wewe kila siku," alisema, "acha niwanawishe na wao." Alitembea nami mpaka hangarini, katikati ya soko, polepole, ili kila mtu amwone. Alimkuta Mama Nyota, wakatazamana kama watazamanavyo wanawake wawili waliozoea kuamrisha, na kabla ya saa sita walikuwa wakibishana jinsi ya kukaanga ndagala. Tangu siku ile jioni nilikula kwa shida, kwa sababu kila mmoja alinipikia na kutaka kujua nani zaidi.

Ugonjwa ulikwisha, si kwa siku moja, lakini ulikwisha. Boti ziliendelea kuja miezi yote ya mvua, na zilipofika Mama Nyota alikuwa ufukweni, maji magotini, anapokea watoto kutoka mikononi mwa mama zao na kuwaambia habari za maji hata kabla hawajakanyaga nchi. Moja ya boti hizo ilimleta mume wake, mtu mdogo, mpole, aliyesema maneno machache sana, ambaye Nyota alimkimbilia akapiga mbizi kwa bahati mbaya. Misiyo Deo akawa anakula ndagala kila Ijumaa. Alisema ni kwa ajili ya kazi. Aliacha maharage yake yapoe.

Kiangazi kilipoingia, malori yalikuja kuwachukua wote kwenda kambi mpya milimani, huko ambako Misiyo Deo aliwaapia kwamba hewa ni nzuri na hakuna ziwa. Kwaya iliimba juu ya malori. Mama Nyota alinishika uso kwa mikono yote miwili, akanitazama, hakusema lolote, na hilo ndilo lililonifanya nilie, kwa sababu kwa mwaka mzima sikuwahi kumwona akikosa neno. Nilibaki barabarani mpaka vumbi likalala.

Nilirudi hangarini. Turubai zilikuwa zimeshushwa na kukunjwa, na nilishangaa jinsi lilivyo kubwa, sauti ya viatu vyangu ikinirudia kutoka ukutani. Misiyo Deo alikuwa katikati, mikono ya shati imekunjwa, anafagia. Alisema timu inavunjwa mwisho wa wiki, akaniuliza nitafanya nini sasa. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, hata Mama Sauda. Nikamwambia nataka kusomea uuguzi.

Aliendelea kufagia kidogo. Kisha akasimama, akanitazama kwa makini kama alivyozoea kutazama mishipa, na nikangoja aniambie jambo kubwa. Alininyooshea fagio.

"Ni vizuri," alisema. "Anzia kwenye ile kona."